Breki Isiyokuwapo

Pasi imebakiwa na miezi minne,
leseni ilikufa Jumapili.
Nimeziweka mezani hapa Nyendo
kando ya bakuli la karanga,
na ndani ya zote mbili yuko yule msichana
mwenye nywele za kufunga kwa uzi
aliyekuja Masaka kwa wiki mbili tu,
kumuuguza shangazi.

Ni miaka kumi sasa.
Shangazi alipona, akaolewa tena.

Ubalozini Kampala nilifika saa moja na robo.
Fomu niliijaza kwa kalamu ya kuazima.
Jina: Subilaga Mwakibete.
Mahali pa kuzaliwa: Tukuyu, kwenye mvua.
(Kwenye mvua sikuandika, nafasi ilikuwa finyu.)
Makazi ya kudumu: hapo kalamu ikagoma.
Nikaitikisa, nikaipulizia.
Wino ulikuwepo.

"Mjumbe wako wa nyumba kumi ni nani?"
Nikamtaja Mzee Asangalwisye.
Karani akapiga simu, akasikiliza kwa muda,
akaiweka chini polepole kama anayeweka yai.
"Dada, huyo alizikwa mwaka juzi."
Basi nikaupokea msiba kupitia tundu la kioo,
na nyuma yangu watu wakisema, songa, mama, songa.

Kisha vidole.
Mashine ikakataa gumba, ikakataa cha shahada,
utomvu wa matoke umeziba mistari yote.
Nikasugua kwa limau, kwa mafuta ya taa, kwa mate.
Kwetu nako migomba imefika mpaka mlangoni,
utomvu ni uleule, mweusi, mbishi,
nguo ikiupata ndiyo basi.
"Kwani unafanya kazi gani?"
Naendesha Fuso.
"Leseni iko hai?"
Nikatazama viatu.

Leseni hapa hawatoi.
Nivuke Mutukula, nitafute ofisi ya mapato upande wetu.
Haya. Ili niendeshe hadi mpakani nahitaji leseni,
ili nipate leseni nahitaji kufika mpakani.
Hesabu hii hata mwalimu Kandonga,
aliyetuchapa kwa ajili ya desimali,
angefuta ubao akaenda kunywa chai.

Alhamisi, gari langu likaendeshwa na utingo wangu.
Ssemwanga, mwenye leseni mpya inayonuka plastiki,
shingo kaikaza kama bwana harusi,
nami kushoto, mahali pa mizigo midogo,
mapajani chungwa na bahasha ya kaki.
Kabla ya Kyotera mbuzi akakatiza.
Mguu wangu ukakanyaga.
Hapakuwa na kitu pale, mkeka wa mpira tu.
Kona, nikakanyaga. Tuta, nikakanyaga.
"Nnyabo, tulia. Si wewe uliyenifundisha?"
Mimi. Ndiyo maana.

Ng'ambo, mtandao ulikuwa umelala.
Ukaamka saa nane na nusu, ukalala tena.
Binti wa dirishani akaniambia nisicheke kwenye picha.
Sikuwa nacheka, ndivyo midomo yangu ilivyokaa siku hizi.
Aliponipa karatasi nikasema, "Webale."
Akainua macho.
"Mama, umesema unatoka wapi?"
Tukuyu.
"Tangu lini Tukuyu wanasema webale?"
Sikuwa na jibu, nikachukua chenji yangu.

Tukarudi jua likielekea Rakai.
Nilishika usukani kwa vidole vyangu vyeusi,
gia ya pili, ya tatu, gari likanitambua,
likakohoa kidogo kama kawaida yake.
Pasi bado. Wamesema wiki sita, watanipigia.
Ile nafasi ya makazi niliandika nini, mtaniuliza.
Niliandika Tukuyu. Karani akasoma, akagonga muhuri,
hakusema kitu.

Kyotera, mbuzi yuleyule, naapa.
Nikapunguza mwendo,
na pembeni yangu, gizani,
nikasikia mguu wa Ssemwanga ukigonga sakafu.